Wisteria, Mmea Uliobomoa Nyumba

Someni polepole, na neno likiwashinda, rudieni sentensi tangu mwanzo.

Mwanafunzi mmoja alileta darasani picha ya kalenda. Juu ya mlango wa nyumba palining'inia maua ya zambarau, kama vichala vya zabibu. Akauliza, "Mwalimu, mmea huu ni gani, nami nitaupandaje?" Jina lake ni wisteria. Ni mmea utambaao, wa jamii ya kunde na maharage. Lakini angalieni sana: mbegu zake na maganda yake yana sumu, watoto wasizichezee.

Kwao ni China, Japani na Marekani. Wachina na Wajapani wameupanda kwa karne nyingi, na Wajapani huuita fuji. Jina la wisteria lilitolewa mwaka 1818 na mtaalamu wa mimea, Thomas Nuttall, kwa kumkumbuka daktari Caspar Wistar wa Philadelphia. Jina la daktari lina "a", jina la mmea lina "e". Watu wamebishana juu ya herufi hiyo moja tangu zamani hizo. Basi nanyi msione haya mkikosea tahajia.

Sasa twende Canton, bandari ya China. Mfanyabiashara mmoja Mchina, aliyejulikana kwa Wazungu kama Consequa, alikuwa na wisteria bustanini mwake. Mwingereza John Reeves, mkaguzi wa chai, alisaidia miche ipatikane, ikapakiwa katika merikebu, ikafika Uingereza mwaka 1816. Mmoja akapewa bwana Charles Hampden Turner wa Surrey.

Watunza bustani wa huko walifikiri kwamba mmea uliotoka mbali hivyo lazima unataka joto. Wakauweka katika nyumba ya vioo yenye joto kali. Utitiri mwekundu ukauvamia, ukadhoofika. Wakauhamisha mahali pa baridi, hata udongo ukaganda, na mmea haukufa. Mwaka 1819 maua yake yalichorwa katika jarida la mimea la London. Twaona basi kwamba kilichotaka kuuua ni kule kubembelezwa.

Wisteria hupenda majira ya baridi, upumzike, majani yaanguke, ndipo upate nguvu za kuchanua vizuri. Kwa hiyo ndugu yangu wa Tanga au Mombasa, usipoteze fedha zako, panda bogenvilia. Lakini kama una jamaa aliyehamia Uingereza au Kanada, mwandikie haya.

Asipande mbegu, maana aweza kungoja miaka 10 au 15 bila kuona ua hata moja. Achague mmea uliokwisha kuchanua, ainamishe tawi lake, alifukie kidogo udongoni mpaka litoe mizizi, kisha alikate na kulipanda penye jua. Asitie mbolea nyingi, kwa kuwa mizizi yake, kama ile ya kunde, hujipatia chakula kutokana na hewa. Mbolea ikizidi, atapata majani matupu. Kazi kubwa ni kupogoa, nayo ni mara mbili kwa mwaka. Baada ya maua, wakati wa joto, machipukizi marefu yakatwe yabaki majani matano au sita. Wakati wa baridi yakatwe tena, yabaki matumba mawili au matatu.

Asipokata itakuwaje? Mwaka 1894, katika mji wa Sierra Madre, jimbo la California, Alice Brugman na mumewe walinunua mche mdogo kwa senti 75. Wakaupanda karibu na nyumba. Mmea ukatambaa, ukapanda juu ya paa, ukaingia, ukakaza. Nyumba ikaharibika hata ikabidi ibomolewe, na mmea ukabaki. Leo umefunika zaidi ya eka moja, na watu hulipa kiingilio kuutazama! Mimi nisingependa uwe jirani yangu.

Lakini kuna waliokuwa na shida ya namna nyingine. Katika mji wa Ashikaga, Japani, palikuwa na wisteria ya zaidi ya miaka 100, na shamba lake lilitakiwa kwa ajili ya upanuzi wa mji. Unene wa shina ulikuwa kama meta moja. Wataalamu waliombwa kuuhamisha, wakakataa. Akakubali mama mmoja, Tsukamoto Konami, ambaye kazi yake ni uganga wa miti. Alitumia miaka miwili kuutayarisha, akiikata mizizi kwa kiasi na kuupogoa. Shina lilikuwa laini, kamba zingelichubua. Kwa hiyo alilifunga kwa plasta, kama vile hospitali wafungavyo mguu uliovunjika. Mwaka 1996 ukachukuliwa kwa gari, mwendo wa kilometa 20, ukapandwa tena. Ukachipua.

Ulipohamishwa, kichanja chake kilikuwa na meta za mraba 72. Sasa zimefika 1,000. Kwa zoezi la leo, pimeni darasa lenu kwa hatua, urefu na upana, mzidishe, kisha mwandike madarasa mangapi kama lenu yangeenea chini ya mmea ule.