Taka za plastiki katika Mto Sosiani
MTO Sosiani hupita katikati ya jiji la Eldoret, huungana na Mto Kipkaren, na maji yake huingia Mto Nzoia hadi Ziwa Victoria. Hivyo, chupa inayotupwa mtaroni Eldoret yaweza kufika ziwani.

Tarehe 28 Agosti, 2017, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Hata hivyo, marufuku hayo hayakuiondoa iliyokwisha kuzama topeni, wala hayakuzihusu chupa.

Plastiki haiozi upesi. Jua na maji huivunjavunja kuwa chembe zisizookoteka. Watafiti wamezikuta chembe hizo ndani ya sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza, Tanzania.

Kwa sababu hiyo, kuzoa taka mitaroni kabla ya masika ni rahisi kuliko kulisafisha ziwa.