Jinsi mzazi mwenye shughuli tele anavyoweza kudumisha ari ya kupunguza uzani

KWA miaka mingi katika vijiji vya Kitui na Makueni, mtu aliponenepa ilichukuliwa kuwa mambo yake yamemnyookea, naye aliyekonda ghafla alinong'onezwa kwamba ana maradhi. Mtazamo huo ulitokana na kumbukumbu za ukame wa mara kwa mara, na baadaye ukakolezwa na hofu ya Ukimwi. Haujafutika. Mama anayeanza kupungua kwa hiari yake huulizwa sokoni iwapo ana matatizo nyumbani, na baba aliyeacha soda huambiwa amekuwa bahili. Kwa hivyo, mzazi anayeazimia kupunguza uzani katika kaunti hizi mbili hupambana na macho ya watu kabla hata hajapambana na sahani yake.

Hata hivyo, takwimu za kitaifa zinaonyesha kwamba suala hili si la watu wa mijini pekee. Utafiti wa kitaifa kuhusu maradhi yasiyoambukizwa uliofanywa mwaka wa 2015 ulibainisha kuwa asilimia 27 ya Wakenya watu wazima walikuwa na uzani kupita kiasi au unene wa kupindukia. Miongoni mwa wanawake kiwango kilikuwa asilimia 38.5, ilhali kwa wanaume kilikuwa asilimia 17.5. Nao utafiti wa hali ya idadi ya watu na afya ulionyesha kwamba wanawake wa umri wa kuzaa waliozidisha uzani walipanda kutoka asilimia 25 mwaka wa 2008-09 hadi asilimia 33 mwaka wa 2014.

Utafiti huo wa 2014 ulikuwa na jambo jingine lililoihusu Kitui moja kwa moja. Asilimia 46 ya watoto wa chini ya miaka mitano katika kaunti hiyo walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 26. Pokot Magharibi pekee ndiyo iliyolingana nayo. Katika hali kama hiyo, mama aliyezidisha uzani na mtoto aliyedumaa wanaweza kuishi chini ya paa moja na kula kutoka sufuria moja. Ushauri wa kawaida wa magazeti ya ng'ambo, kwamba mzazi aondoe vyakula fulani nyumbani, hauna maana hapa. Mzazi wa Mutomo au Kibwezi anapaswa kupunguza chake bila kugusa cha mtoto.

Sababu za ongezeko la uzani hazihitaji uchunguzi mrefu. Kizazi kilichotangulia kilitwanga mahindi ya muthokoi kwenye kinu, kikachota maji kwa kuchimba mchanga wa mito iliyokauka na kutembea kilomita kadhaa hadi sokoni. Leo muthokoi hununuliwa ukiwa umekwisha kukobolewa, na bodaboda humfikisha mtu mlangoni. Aidha, tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka wa 2013, miji ya Kitui na Wote imepata watumishi wengi wa ofisini wanaokaa kitini kutwa na kula chakula cha mchana hotelini. Chakula chenyewe mara nyingi ni chapati, na chapati ikikandwa na kupakwa mafuta vyema hubeba nguvu nyingi kuliko anavyodhani mlaji, kwa kuwa kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina takriban kalori 120.

Ari ya wengi hufifia kwa sababu lengo lilikuwa kubwa mno tangu mwanzo. Mtu mwenye kilo 80 huazimia kurejea kilo 58 alizokuwa nazo siku ya harusi, na baada ya miezi miwili akiwa amepunguza kilo nne hujiona ameshindwa. Ukweli ni kwamba amefanya kazi kubwa. Katika utafiti maarufu uliochapishwa Marekani mwaka wa 2002, ambao ulihusisha watu zaidi ya 3,200 waliokuwa karibu kupata kisukari, waliowekewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzani wao na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata ugonjwa huo kwa asilimia 58. Waliotumia dawa aina ya metformin waliipunguza kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo tano na nusu hivi. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na kuna wiki ambazo hakitapungua kitu.

Kupima kunasaidia, bora kusizidi. Mara moja kwa wiki, asubuhi ile ile na kabla ya chai, inatosha. Anayepima kila siku huweza kukatishwa tamaa na maji ya mwilini yanayoongezeka na kupungua kulingana na chumvi aliyokula au siku za mwezi. Asiye na mizani anaweza kutumia utepe wa fundi cherehani kiunoni, kwani kiuno kinachozidi sentimita 80 kwa mwanamke au 94 kwa mwanamume ni ishara ya hatari. Fauka ya hayo, wahamasishaji wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye mizani na vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari mpango wao ulipozinduliwa nchini mwaka wa 2023. Mzazi anaweza kumwomba anayewatembelea nyumbani ampime, badala ya kusubiri augue.

Kuhusu chakula, Mkamba ana bahati ambayo wengi hawaijui. Isyo, yaani mahindi na maharagwe au mbaazi, huwa na ufumwele mwingi na hushibisha kwa muda mrefu. Muthokoi nao ni mtamu, ila mahindi yake huondolewa maganda na kwa hivyo kushinda isyo haushindi. Ndengu, kunde, mtama na mawele hustawi katika ardhi hii kame, na majani ya kunde yakikaushwa hudumu hadi kiangazi. Anayetaka kupungua hahitaji kununua chakula maalumu cha duka kubwa la Nairobi. Anachohitaji ni kubadili vipimo: mboga zijaze nusu ya sahani, ugali uwe wa ukubwa wa ngumi na mafuta yapimwe kwa kijiko wala yasimiminwe kutoka kwenye mtungi. Mtoto naye aongezewe kwenye sahani yake maziwa, yai, ndengu au kijiko cha mafuta ambacho mama amejinyima. Sufuria ni ile ile.

Kuna mianya miwili inayosahaulika. Wa kwanza ni makombo. Mama aliyelelewa kuheshimu chakula haoni vyema kutupa uji uliobakishwa na mtoto, basi huumalizia, kisha hula chake. Suluhisho ni kumpakulia mtoto kidogo na kumwongeza akitaka. Wa pili ni chai. Anayekunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, humaliza vijiko 12, ilhali Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka wa 2015 lilisema ingefaa zaidi kutopita takriban vijiko sita kwa siku. Apunguze nusu kijiko kila wiki mbili, ulimi huzoea. Msimu wa maembe unapowadia, embe zima huliwa kwa kutafunwa, kwani sharubati huacha ufumwele na kubakiza sukari.

Mazoezi ndiyo huwashinda wengi kwa kisingizio cha wakati, na ni haki kukiri kwamba kisingizio hicho mara nyingi ni kweli. Mwalimu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwatayarisha watoto, akafunza hadi jioni na kurudi kupika hana saa moja ya kwenda kukimbia. Afueni ni kwamba mwongozo wa kimataifa wa mwaka wa 2020, unaopendekeza dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki, uliondoa sharti la zamani kwamba kila kipindi kifikie dakika 10. Kumbe kushuka kwenye bodaboda mbele kidogo ya nyumbani kunahesabika, sawa na kuchimba matuta shambani na kubeba maji. Katika joto la Mtito Andei au Makindu ni afadhali kutembea alfajiri au baada ya jua kupoa. Walio karibu na mji wa Kitui wana jabali la Nzambani lenye ngazi za chuma, na watoto hufurahia kulipanda. (Wenyeji husimulia kwamba anayelizunguka mara saba hugeuka jinsia, kupanda ngazi hakuna hatari hiyo.)

Njia yenye nguvu zaidi ya kudumisha ari, hata hivyo, imo katika utamaduni wenyewe. Mwethya, ule ushirika wa majirani wanaolimiana na kuchimbiana matuta kwa zamu, ulijenga mabwawa ya mchanga na kuokoa mashamba mengi ya Ukambani yasisombwe na mmomonyoko. Mtu alifika kwa sababu wenzake walikuwa wakimngoja. Vikundi vya akina mama vinavyokutana kwa ajili ya akiba vinaweza kufanya vivyo hivyo: kutembea pamoja kwenda mkutanoni, kupimana mara moja kwa mwezi na kukubaliana kwamba anayeandaa kikao atatoa karanga na matunda badala ya soda na mandazi. Nusu lita ya soda ina sukari ya takriban gramu 50.

Baada ya miezi kadhaa uzani hukwama. Huo si uvivu: mwili mdogo hutumia nguvu chache, na njaa huongezeka kadiri mafuta yanavyopungua. Wakati huo ni vyema kuangalia usingizi, kwa maana anayelala saa tano badala ya saba huongezewa hamu ya kula. Vilevile, sherehe au matanga ya wikendi moja hayaharibu kazi ya miezi mitatu. Kinachoiharibu ni kuahirisha kurejea hadi Januari.

Wapo wasiofaa kuanza kabla ya ushauri. Mama mjamzito asijinyime, naye anayenyonyesha asipunguze chakula kwa ghafla, maana maziwa pekee humtaka takriban kalori 500 za ziada kila siku. Anayetumia sindano ya kupanga uzazi na kuona ananenepa aulizie njia nyingine kliniki kabla ya kuiacha. Vidonge na chai za kupunguza tumbo zinazouzwa stendi za matatu aghalabu ni dawa za kuharisha. Na anayepungua bila kukusudia, hasa akiwa na kiu isiyokatika, kikohozi cha wiki mbili au jasho la usiku, aende hospitalini siku hiyo hiyo, kwani huenda ni kisukari au kifua kikuu.