Michezo ya maigizo katika ufundishaji wa Kiingereza

Michezo ya maigizo ni mazoezi mafupi ya darasani ambamo wanafunzi huvaa uhusika na kuzungumza papo kwa papo, bila kukariri. Hutumiwa kukuza stadi ya kuzungumza kwa wanaojifunza Kiingereza. Tofauti na tamthilia ya jukwaani, haihitaji watazamaji, kwani wote waliopo hushiriki.

Asili

Chimbuko lake mojawapo ni Hull House, kituo cha huduma za jamii kilichoanzishwa mwaka 1889 katika mtaa wa wahamiaji jijini Chicago, Marekani. Hapo Viola Spolin (1906–1994) alifunzwa na Neva Boyd kutumia michezo katika malezi. Baadaye Spolin alibuni michezo yake mwenyewe, akaikusanya katika kitabu *Improvisation for the Theater* (1963). Mwaka 1978 Alan Maley na Alan Duff walichapisha *Drama Techniques in Language Learning*, kitabu kilichowalenga walimu wa lugha.

Namna inavyochezwa

Mchezo mmoja maarufu ni wa hotelini. Mwanafunzi mmoja ni mgeni aliyepotewa na sauti. Amepewa kikaratasi chenye shida yake, tuseme nyoka yumo bafuni. Huieleza kwa ishara tu. Mwenzake, mhudumu wa mapokezi, hubahatisha kwa sauti: “Is it in your room?” Mgeni hutikisa kichwa au kuitikia, na maswali huendelea mpaka shida ijulikane. Kwa dakika chache mhudumu huwa ameunda maswali mengi, kila moja kwa sababu analihitaji jibu lake. Hiyo ndiyo nguvu ya mbinu hii: mwanafunzi huzungumza kwa kuwa ana jambo la kutafuta. Uhusika nao humpunguzia aibu, maana anayekosea ni mhudumu wa hoteli.

Masharti

Msamiati wa msingi hufundishwa kabla ya mchezo. Mwalimu hamkatizi mzungumzaji. Huandika makosa na kuyarejea mwishoni. Darasa kubwa hugawanywa katika jozi zinazocheza kwa wakati mmoja, ili wasemaji wepesi wasihodhi zamu.

Nchini Tanzania, ambako wanafunzi wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia kidato cha kwanza, michezo hii inafaa sana: haidai vifaa vya gharama, nayo humzoeza mwanafunzi kuuliza kwa Kiingereza kabla hajalazimika kujifunza fizikia kwa lugha hiyo.