KUMTAFUTA BABU KATIKA DAFTARI LA SENSA



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Vijana wenzangu, wengi wetu tumesikia jina la Kunta Kinte. Wengine tuliiona ile filamu kwa video, na mtaani mtu akiwa mbishi huitwa hivyo kwa mzaha. Wachache wanajua kwamba hadithi ile ilianza na mtu mwingine kabisa, mhunzi aliyeitwa Tom Murray, na kwamba aliyemtafuta alimkuta ndani ya daftari la sensa. Katika makala haya tutamfuata Tom, kisha tujiulize sisi nasaba zetu tumeziweka wapi.

WATU WASIO NA MAJINA

Marekani ilianza kuhesabu watu mwaka 1790, na tangu hapo huhesabu kila baada ya miaka 10. Mpaka 1840 lilikuwa likiandikwa jina la mkuu wa nyumba peke yake. Mwaka 1850 wakaanza kuandika kila mtu huru kwa jina lake, umri, kazi na mahali alipozaliwa.

Watumwa walikuwa na daftari lao mbali. Katika sensa za 1850 na 1860 karani aliandika jina la bwana, halafu chini yake safu ya watu wasio na majina: mwanamume, miaka 30, mweusi, mwanamke, miaka 22, mweusi, mtoto, mwaka 1. Basi. Mwaka 1860 watu karibu milioni 4 walihesabiwa namna hiyo, kama mifugo zizini. Na kati ya waliovushwa bahari kutoka Afrika Magharibi, walikuwemo Waislamu, baadhi yao watu waliosoma chuoni kama tulivyosoma sisi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha 1865 na utumwa ukapigwa marufuku. Ndipo sensa ya 1870 ikawa ya kwanza kuwaandika wale walioachwa huru kwa majina yao. Ndiyo sababu wazao wao wakitafuta mababu, 1870 ni kama ukuta. Mbele yake kuna majina, nyuma yake kuna umri na rangi tu.

TOM MURRAY, MHUNZI

Alex Haley alizaliwa 1921, na alilelewa katika mji mdogo wa Henning, jimbo la Tennessee. Utotoni alikaa barazani akimsikiliza nyanya yake Cynthia na dada zake wakisimulia habari za wazee. Walisema mzee wao wa kwanza alikuwa Muafrika aliyekamatwa alipokwenda kukata mti wa kuchongea ngoma, na kwamba alikataa kuitwa Toby. Binti yake aliitwa Kizzy. Kizzy akamzaa George, na George akamzaa Tom, baba yake Cynthia.

Haley ndiye aliyeshirikiana na Malcolm X kuandika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1965, mwaka ambao Malcolm aliuawa. Katika miaka hiyo aliingia Hifadhi ya Taifa ya nyaraka mjini Washington, akaomba filamu za sensa ya wilaya ya Alamance, North Carolina, za baada ya vita. Alipekua majina mpaka akachoka. Alipokuwa karibu kukata tamaa akamuona Tom Murray, mweusi, mhunzi. Chini yake mkewe Irene, kisha watoto wao, akiwemo Elizabeth wa miaka 6. Huyo Elizabeth ni yule yule bibi aliyekuwa akimsimulia barazani! Cynthia hakuwemo kwa sababu alikuwa bado hajazaliwa.

Fikiria mistari ile ina nini. Kumbe wale kina mama hawakuwa wakitunga. Jina la mzee lipo, kazi yake ipo, wilaya ipo. Katika miaka ya 1870 familia ilifunga virago na magari ya kukokotwa ikahamia Henning. Masimulizi yao yanasema wazungu wa huko walimkataza Tom kufungua karakana yake mwenyewe, naye akajenga karakana juu ya gari, akawa anazunguka nayo akifanya kazi. Mtu wa namna hiyo ukimfuata kwenye sensa unamuona katika jimbo moja mwaka 1870, na miaka 10 baadaye unamtafuta katika jimbo lingine. Sensa ya 1880 inasaidia zaidi, kwani iliongeza swali la uhusiano wa kila mtu na mkuu wa nyumba, na wazazi wake walizaliwa wapi. Ile ya 1890 karibu yote iliharibika kwa moto mjini Washington mwaka 1921.

PALE SANADI ILIPOKATIKA

Haley hakuishia kwa Tom. Alikwenda Gambia, kijiji cha Juffure, na mzee mmoja akamsimulia habari za Kunta Kinte. Kitabu chake Roots kilitoka 1976, na filamu ikaonyeshwa Januari 1977 kwa mamilioni ya watu.

Baadaye wachunguzi wakafuatilia. Mwandishi wa gazeti moja la London alikwenda Juffure 1977 akaonyesha kwamba ushahidi wa yule mzee ulikuwa dhaifu, na kwamba watu walikwisha kujua mgeni anataka kusikia nini. Wataalamu wa nasaba walipekua karatasi za Virginia wakamkuta Toby yupo kwa bwana wake kabla ya 1767, mwaka ambao Haley alisema meli ya Kunta ilifika. Haley mwenyewe alikiri kuwa kitabu chake kimechanganya ukweli na ubunifu.

Sisi tuliosoma madrasa jambo hili halitushangazi. Maulamaa wa hadithi hawakupokea habari kwa utamu wake. Waliuliza: nani kakwambia, naye kaisikia kwa nani, na je, walikutana? Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuifanyia kazi. Habari ya Tom ina mashahidi wawili, masimulizi ya nyumbani na maandishi ya karani asiyeijua familia ile. Habari ya Juffure ilitegemea mtu mmoja.

NA SISI JE?

Hapa Pwani mambo hayako mbali. Frere Town, karibu na Mombasa, ilianzishwa na wamishenari 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, na wengi wakapewa majina mapya. Utumwa wenyewe ulifutwa Pwani mwaka 1907. Kuna familia zinaona haya kusema babu alitoka bara akiwa mtumwa, na kuna zinazojitafutia ukoo wa mbali ili zionekane bora. Ndugu yangu, Mtume (S.A.W.) ameonya vikali mtu kujinasibisha na asiyekuwa baba yake, na Surat al-Ahzab, aya ya 5, yataka watu waitwe kwa baba zao. Ubora ni taqwa. Bilal (R.A.) alikuwa mtumwa, na leo nani asiyempenda?

Sensa kamili ya kwanza ya Kenya ilikuwa 1948, na ripoti zake hutoa jumla, hazitakupa jina la babu. Lakini tuna njia nyingine: vyeti vya ndoa vya kadhi, hati za mashamba, wasia, karatasi za wakfu, na nyaraka za serikali zilizohifadhiwa Nairobi. Na zaidi ya yote tuna wazee. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tujifunze nasaba zetu ili tuunge ujamaa. Basi Ramadhan hii, baada ya futari na tarawehe, chukua daftari ukae na nyanya. Andika majina, vijiji, na nani kamwambia. Usikate lile linaloonekana la aibu. Karani wa 1860 aliwakata watu majina, sisi tusiwakate tena.

Allah atukubalie saumu zetu na awarehemu waliotutangulia, tunaowajua na tusiowajua. Amin.

Wabillahi tawfiq.