Bawa Lililogeuka Tangi

Leo tuache kompyuta kidogo.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha mwaka 1945, Marekani ilibaki na maelfu ya ndege za kivita zisizo na kazi. Nyingi ziliyeyushwa. Nyingine ziliuzwa kwa raia kwa bei ya kutupa.

Mwaka 1946 Paul Mantz, rubani wa filamu za Hollywood, alinunua ndege takriban 475 kwa dola 55,000. Zote pamoja! Akabaki na chache, zikiwemo P-51C Mustang. Kisha akafanya ujanja ambao sisi waandishi wa programu tunaupenda: aliziba mabawa kwa ndani, yenyewe yakawa tangi. Matangi ya kuning'iniza nje, ambayo hupunguza kasi, hayakuhitajika tena. Mwaka huohuo aliruka kutoka California hadi Cleveland bila kutua, wastani wa kilomita 700 kwa saa, akatwaa kombe la Bendix. Akalitwaa tena 1947 na 1948.

Lakini 1949, Mustang nyingine iliyofanyiwa mabadiliko makubwa, Beguine, ilianguka juu ya nyumba wakati wa mashindano ya Cleveland. Rubani Bill Odom alikufa, na humo ndani mama na mtoto wake mdogo. Mashindano yakasimama. Yaliporudi 1964, yalipelekwa Reno, jangwani.

Odom alijua hatari yake. Waliokuwa nyumbani hawakuulizwa. Nawe ukibadilisha mfumo ili uende mbio, chini yako kuna nani?