Kusitirika kwa Mkono Wako

Neno sitara katika Kiswahili limebeba mambo mawili kwa pamoja: nguo iufunikayo mwili, na heshima ya mwenye mwili huo. Mtu huombewa dua asitirike, na anayemwombea hakusudii kitambaa peke yake. Lakini liko jambo ambalo aghalabu husahauliwa na wenye viungo vizima, nalo ni kwamba baina ya uchi na sitara ipo kazi ya kufanywa. Mkono hauna budi kuingia katika mkono wa shati, kifungo kipite katika tundu lake, suruali ipande hadi ivuke nyonga. Kwa aliyepooza upande mmoja, au anayetetemeka vidole, au anayeshinda katika kiti cha magurudumu, kazi hiyo huweza kumchosha kabla siku haijaanza. Na akishindwa, hana hila ila kuvuliwa na kuvikwa na mwengine. Hapo nguo humsitiri mbele ya watu wa nje baada ya kwanza kumfichua mbele ya mtu wa ndani.

Kwa muda mrefu dawa ya tabu hii ilitafutwa katika mwili, haikutafutwa katika nguo. Wagonjwa walifundishwa mbinu, na baadhi ya mbinu hizo zingali zikifundishwa mpaka leo. Mashuhuri kuliko zote ni ile isemayo kwamba upande ulio dhaifu utangulie katika kuvaa na uwe wa mwisho katika kuvua, kwani mkono mzima ndio uwezao kujipinda na kutafuta njia. Mbinu hiyo ni ya hekima, ila ina mpaka wake. Haimfai mtu ambaye mikono yote miwili haina nguvu, wala haikibadilishi kifungo kidogo kilichoshonwa kwa kudhani kwamba kila avaaye ana vidole kumi vyenye utiifu.

Swali la kuigeuza nguo yenyewe liliulizwa kwa dhati mjini New York katika miaka iliyofuata Vita Vikuu vya Pili. Vita vilirudisha majeruhi wengi waliokwisha kuokolewa roho lakini hawakujua waishi vipi. Daktari Howard Rusk, aliyewahudumia wanajeshi wa anga wa Marekani wakati wa vita, alishikilia kwamba kazi ya tabibu haimaliziki kidonda kinapofunga. Humalizika mgonjwa anaporudi kula, kuoga, kuvaa na kufanya kazi. Kwa imani hiyo akaasisi taasisi ya urekebishaji wa viungo katika Chuo Kikuu cha New York. Majeruhi wa vita hawakuwa peke yao. Katika mwaka 1952 pekee, ugonjwa wa polio uliwapata watu zaidi ya 57,000 nchini Marekani, na wengi wa waliopona walibaki na magongo na vyuma vya miguu.

Matokeo ya chanjo ya Jonas Salk yalitangazwa mwezi wa Aprili 1955. Mwaka huohuo ndipo palipoanza kazi ya wanawake wawili waliotoka katika ulimwengu wa mavazi. Wa kwanza ni Helen Cookman, mbunifu wa nguo ambaye yeye mwenyewe alikuwa na upungufu wa kusikia. Wa pili ni Virginia Pope, aliyekuwa mhariri wa mitindo wa gazeti la New York Times kwa zaidi ya miaka 20. Cookman alifanya utafiti wake katika taasisi ya Rusk. Mwaka 1961 alichapisha matokeo yake katika kitabu alichokiandika pamoja na Muriel Zimmerman, mtaalamu aliyekuwa akiwafunza wagonjwa hapo kazi za kila siku. Mavazi hayo yakapewa jina la Functional Fashions, maana yake mitindo yenye kufaa kwa matumizi.

Ubora wa kazi hii ulikuwa katika kuitazama nguo kwa jicho la fundi. Atembeaye kwa magongo huinua mabega siku nzima, na shati lake hupasuka makwapani na kuchomoka kiunoni. Basi likatiwa kikwapa kipana na kurefushwa chini. Chuma cha mguu husugua kitambaa kwa ndani mpaka kikatoboka. Basi suruali ikatiwa bitana ngumu pale panaposuguliwa, na mshono wa ubavuni ukawekwa zipu ndefu ili chuma kipite bila ya kuvuliwa. Gauni la kuingilia kichwani liligeuzwa likafunguka mbele, na sketi ikawa ya kuzungushwa na kufungwa. Zipu zikatiwa pete kubwa ili kidole kimoja kitoshe kuzivuta.

Cookman na Pope waliongeza sharti jengine: nguo hizo zisitambulikane. Hawakutaka mavazi ya hospitali yenye sura ya huzuni. Walitaka vazi ambalo mwenye ulemavu na asiye na ulemavu wangeweza kulinunua katika duka moja. Hivyo wabunifu wenye majina wakashirikishwa, miongoni mwao Bonnie Cashin, Vera Maxwell na Florence Eiseman wa nguo za watoto. Nguo iliyofaa ilipewa lebo ya Functional Fashions juu ya lebo ya mbunifu wake. Katikati ya miaka ya 1970 hata kampuni ya Levi Strauss ilitoa suruali za jinzi katika mpango huo.

Sharti hilo lina pande mbili, na msomaji wa leo anapaswa kuziona zote. Upande mmoja lilikuwa ni heshima, kwa sababu lilikataa kumtenga mtu kwa vazi lake. Upande wa pili lilikubaliana na jamii iliyotaka ulemavu ufichwe, kana kwamba chuma cha mguu ni aibu inayohitaji sitara kuliko mwili wenyewe. Isitoshe, mavazi ya wabunifu wakubwa yana bei yake, na wengi waliokuwa na haja nayo zaidi ndio waliokuwa na uwezo mdogo wa kuyanunua.

Ama historia ya vifungo yenyewe huonyesha kwamba uwezekano ulikuwepo zamani. Whitcomb Judson wa Chicago alipata hataza ya babu wa zipu mwaka 1893, naye alikusudia kurahisisha ufungaji wa viatu. Gideon Sundback, mhandisi mzaliwa wa Sweden, aliiboresha zipu ikafikia umbo linalojulikana leo katika miaka ya 1910. Mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, aliporudi matembezini mwaka 1941 aliona mbegu zenye vikulabu zimeng'ang'ania manyoya ya mbwa wake; kutokana na mbegu hizo ukazaliwa utepe wa kunatana ujulikanao kwa jina la Velcro. Kwa hiyo vifaa vya kumrahisishia mtu kuvaa vilikuwa tayari. Kilichokosekana ni mshoni wa kumfikiria aliyeketi.

Mwaka 1976 mpango wa Functional Fashions ulikoma. Wakati huo wenye ulemavu wa Marekani walikuwa katika mapambano mengine, ya ngazi, mabasi, skuli na ajira, na mapambano hayo yalizaa sheria kubwa za mwaka 1973 na 1990. Sheria iliweza kuamuru mlango upanuliwe. Haikuamuru shati lifungike. Jina la Cookman likafifia, na waliokuja baadaye wakaanza upya kana kwamba hapakuwahi kuwa na mtu.

Mjini Toronto, mbunifu Izzy Camilleri aliombwa nguo na mwandishi wa habari Barbara Turnbull, aliyekuwa amepooza tangu 1983, na mwaka 2009 akaanzisha mavazi yaliyokatwa kwa mwili ulioketi. Mkato huo unastahili kuelezwa. Suruali ya kawaida hukatwa kwa mtu aliyesimama. Akiketi, nyuma huteremka na mbele hujikunja tumboni. Suruali ya aliyeketi huinuliwa nyuma na kupunguzwa mbele, na mifuko ya nyuma huondolewa, kwa kuwa mshono mnene chini ya mtu asiyehisi huweza kumletea kidonda. Mwaka 2012 kijana Matthew Walzer wa Marekani, mwenye ulemavu wa ubongo unaoathiri misuli, aliiandikia kampuni ya Nike akieleza kwamba aliweza kuvaa nguo zake zote mwenyewe isipokuwa kufunga viatu. Mwaka 2015 kikatoka kiatu kifungwacho kwa zipu inayozunguka kisigino. Mwaka 2016 Tommy Hilfiger akatoa nguo za watoto zenye vifungo vya sumaku, ambavyo, pamoja na wepesi wake, havifai kwa mtu aliyetiwa mwilini kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo bila ya ushauri wa daktari.

Watu wa visiwa na pwani ya Afrika Mashariki wana la kuzingatia hapa, kwani wao wanayo kanga na kikoi. Hizi ni nguo zisizo na mkono, kifungo wala mbele na nyuma. Huufuata mwili popote ulipo, umelala au umeketi, na ndiyo sababu mzee na mgonjwa hufungwa kanga kabla ya nguo nyengine yoyote. Lakini kanga ni vazi la nyumbani. Sare ya skuli, suruali ya ofisini na gauni la harusini vyote vimekuja na zipu na vifungo vyake, na mtoto mwenye ulemavu anayetaka kwenda skuli hutakiwa avae kama wenziwe.

Khabari njema ni kwamba katika miji hii bado nguo nyingi hushonwa na fundi cherehani mtaani, naye humpima mteja wake kwa utepe, mmoja mmoja. Kampuni kubwa zimehitaji miaka mingi kujifunza kumpima mtu aliyeketi. Fundi wa mtaani anahitaji kuambiwa tu: fungua mshono wa ubavuni, weka utepe wa kunatana mahali pa kifungo, inua nyuma, punguza mbele. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Malipo yake ni kwamba kesho yake asubuhi mtu atafunga mlango wa chumba chake, avae peke yake, kisha atoke.