Kutoka Herufi hadi Sifa Bainifu: Historia ya Utafiti wa Utambuzi wa Sauti za Lugha

Utangulizi

Anayejua kusoma huamini kwa urahisi kwamba usemi ni herufi zilizopewa sauti, na kwamba kazi ya sikio ni kuzipokea moja baada ya nyingine, kama shanga zilizotungwa katika uzi. Makala haya yanafuatilia jinsi imani hiyo ilivyoporomoka katika karne ya 20. Hoja yake ya msingi ni kwamba kuporomoka huko kunaigusa fonolojia ya Kiswahili, hususan suala la mpumuo ambalo tahajia sanifu hailionyeshi.

Swali la mahali

Swali lililotangulia lilihusu mahali usemi unaposhughulikiwa. Mwaka 1861, Paul Broca, tabibu wa Paris, alieleza habari za mgonjwa aliyeelewa mengi ya aliyoambiwa ilhali yeye mwenyewe hakutamka karibu lolote isipokuwa silabi "tan". Alipofariki, ubongo wake ulionekana kuwa na jeraha katika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Mwaka 1874, Carl Wernicke alieleza hali iliyo kinyume: wagonjwa waliozungumza kwa wepesi bila kuelewa wanachoambiwa, ambao jeraha lao lilikuwa katika eneo lililo karibu na sikio la kushoto. Wataalamu hao walionyesha mahali. Hawakueleza ni kitu gani hasa ambacho ubongo hukitafuta ndani ya wimbi la sauti.

Mashine ya kuwasomea wasioona

Jibu lilianza kupatikana kutokana na kazi iliyoshindikana. Baada ya Vita Kuu ya Pili, watafiti wa Haskins Laboratories nchini Marekani, wakiwamo Alvin Liberman na Franklin Cooper, walijaribu kuunda mashine ya kuwasomea maandishi askari waliopofuka vitani. Kila herufi ilipewa mlio wake. Wasikilizaji waliweza kujifunza milio hiyo, lakini kwa mwendo wa polepole mno. Msemaji wa kawaida hutoa takribani fonimu 10 hadi 15 kwa sekunde. Milio ya mashine ilipokaribia kasi hiyo, iliungana ikawa mvumo usiochambulika. Ilibidi kuuliza kwa nini usemi wenyewe haupatwi na hali hiyo.

Ili kujibu swali hilo, Cooper aliunda mtambo uliogeuza michoro iliyopakwa rangi kwenye utepe kuwa sauti. Mtambo huo ulidhihirisha kwamba konsonanti haina umbo moja la kudumu. Katika silabi "di", mkondo wa pili wa masafa hupanda kuelekea irabu. Katika "du", hushuka. Msikilizaji husikia /d/ ileile katika zote mbili, ingawa vipande vyenyewe vya sauti havifanani. Konsonanti na irabu husafiri pamoja, na ndiyo sababu sikio halizidiwi na kasi.

Mwaka 1957, Liberman na wenzake walitengeneza mfululizo wa sauti 14 zilizobadilika kidogo kidogo kutoka /b/ kupitia /d/ hadi /g/. Wasikilizaji hawakusikia mabadiliko ya polepole. Walisikia makundi matatu yenye mipaka mikali, na walitofautisha vigumu sauti mbili zilizoangukia kundi moja.

Mtoto mchanga na chinchila

Liberman na wenzake walihitimisha kwamba binadamu hutambua sauti kwa kurejelea namna zinavyotamkwa, na kwamba uwezo huo ni wa binadamu pekee. Mwaka 1971, Peter Eimas na wenzake walionekana kuwaunga mkono. Walichunguza muda unaopita kati ya kuachiliwa kwa kipasuo na kuanza kutetema kwa nyuzi za sauti. Watoto wa mwezi mmoja na wa miezi minne walitofautisha milisekunde 20 na 40, mahali penye mpaka wa /b/ na /p/ katika Kiingereza, lakini hawakuonyesha tofauti kama hiyo kwa sauti zilizokuwa upande mmoja wa mpaka.

Miaka minne baadaye, Patricia Kuhl na James Miller waliwafunza chinchila, wanyama wadogo wa jamii ya wagugunaji, kutofautisha "da" na "ta". Mpaka wao ulikaribiana sana na wa wasikilizaji wa Kiingereza. Chinchila hatamki vipasuo hivyo. Basi mpaka huo haungeweza kutokana na ujuzi wa kutamka. Kwa kiasi fulani, lugha imejijenga juu ya mipaka ambayo masikio ya mamalia yalikuwa nayo tayari.

Hata hivyo, sikio haliamui peke yake. Tafiti za Leigh Lisker na Arthur Abramson zilionyesha kwamba katika kipimo hichohicho cha muda, Kiingereza kina makundi mawili na Kithai kina matatu. Mwaka 2014, Nima Mesgarani, Edward Chang na wenzao walipima moja kwa moja gamba la ubongo la wagonjwa sita wa kifafa waliokuwa wakisikiliza Kiingereza. Sehemu mbalimbali za gamba hilo ziliitikia zaidi sifa za makundi ya sauti, kama vile vipasuo na vikwamizi, kuliko fonimu mojamoja.

Hitimisho: sikio la nani?

Lahaja za pwani kama Kimvita hutofautisha "paa" la nyumba, lisilo na mpumuo, na "paa" mnyama, mwenye mpumuo. Ukiiongeza /b/, unapata makundi matatu, kama katika Kithai. Wazungumzaji wengi wa bara hawana tofauti hiyo. Kwa kuwa tahajia ni moja, maneno haya hufundishwa kuwa homonimu, ilhali kwa Mmvita anayedumisha mpumuo ni jozi mlinganuo finyu. Hukumu hiyo imetolewa na herufi, na historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kwamba herufi si shahidi wa kutegemewa kuhusu kile kinachosikika. Kabla ya kuhesabu fonimu za Kiswahili, sharti kwanza iamuliwe ni za msikilizaji yupi, na masikio ya wazungumzaji wa lahaja husika yapimwe.